Folda Iliyonenepa

Diski ilikuwa imejaa. Gidion, mkuu wa ofisi, alipita mlangoni koti likiwa begani, akasema, "Eunike, futa chochote cha zamani. Mimi nawahi, mvua hii itanikuta njiani."

Ofisi yao ya Kimandolu ilipokea mitetemo ya ardhi kutoka kwenye vipimo vilivyofukiwa kandokando ya Mlima Meru, na kila kipimo kilikuwa na folda yake. Eunike akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika du -sh *, kompyuta imwambie ni folda ipi inayokula nafasi. Karibu zote zililingana. Ya shambani kwa baba yake mdogo, Sifaeli, ilizizidi zote kwa pamoja.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, akasita. Ardhi ikitulia, faili huwa jembamba; ikitikisika, hunenepa. Akaingia ndani ya folda, akapima siku mojamoja. Tangu Jumapili, kila siku ilikuwa nene kuliko iliyoitangulia. Akairudia amri. Namba ilikuwa imepanda tena.

Akapiga simu.

"Shikamoo baba mdogo. Huko kukoje?"

"Marahaba, mama. Mvua tu. Ila mlango wa jikoni umegoma kufunga, na maji ya mfereji yamegeuka tope."

Akasimama kutoka kitini.

"Baba, tokeni sasa hivi. Nendeni kanisani, ng'ambo ya korongo."

"Niache kahawa na ng'ombe kwa ajili ya kompyuta?"

"Ardhi iliyo chini yenu inatembea, baba. Nakusihi."

Kisha akamsikia akimwita mkewe, Evaresta, na mwanawe Ndesanjo, kwa Kimeru, kwa sauti ambayo Eunike hakuwahi kuisikia kinywani mwake.

Akabaki akiandika amri ileile. Namba ilipanda, ikapanda, kisha ikasimama. Akaandika tena. Palepale. Kipimo kilikuwa kimenyamaza. Alipopiga simu ya Sifaeli, haikupatikana.

Jioni ikaita namba asiyoijua. Alikuwa Sifaeli.

"Mteremko wote umeshuka, mwanangu. Nyumba hakuna, shamba hakuna. Tuko kanisani, mimi na mama yako mdogo."

"Na Ndesanjo?"

Mvua ilisikika ikipiga bati la kanisa.

"Tulifika naye," alisema Sifaeli. "Akarudi kumfungua ng'ombe."