Mistari ya Mzee Tarehe

Meneja alikuwa amesema neno moja tu: "Futa." Mfumo mpya ulishasimikwa kwenye seva ya ofisi ya maji, na kila ulipokuta faili la mipangilio lililowahi kuguswa na mkono wa mtu, uliuliza: uweke jipya, ubakize la zamani, au uyaunganishe mstari kwa mstari? Njia ya tatu ni ya wenye subira, na Fundi hakujaliwa subira nyingi. Lakini mkono uliogusa mafaili yale ulikuwa wa baba yake. Angechagua jipya, maandishi ya mzee ya miaka ishirini yangepotea yote.

Ofisini walimwita baba yake Mzee Tarehe. Hakubadilisha mstari bila kuandika juu yake siku na sababu, akitanguliza alama ya reli (#) ili mashine iyaruke maneno hayo na binadamu ayasome. Fundi alisoma akicheka peke yake ndani ya chumba cha seva, kilichokuwa zamani stoo ya mabomba. "Pampu mbili zisiwashwe pamoja. Zinagombana kama wake wenza." Na chini kidogo: "Asiyejua sababu ya mstari huu asiufute. Akiufuta, ataijua."

Likizo za utotoni alizimalizia chini ya meza ile ile aliyokalia sasa, akichora kwenye karatasi zilizoharibika, akinywa chai kwenye kifuniko cha chupa ya baba. Zilikuwa siku tamu, bwana, asikudanganye mtu. Tangu mzee astaafu walizungumza kwa nadra, na wakizungumza ni dawa za presha na bati linalovuja.

Meneja alichungulia mlangoni. "Fundi, bado tu? Si kitufe kimoja?"

"Haraka haraka haina baraka, bosi."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Saa nane nataka seva iwe inafanya kazi."

Faili la mwisho lilihusu kutuma vipimo vya matangi makao makuu. Zamani vilipita kwenye laini ya simu, na ofisi nzima ilikuwa na laini moja. Mstari mmoja ulikataza kutuma chochote kuanzia saa saba mchana hadi saa saba na nusu. Juu yake mzee aliandika: "Binti anatoka shule. Hupiga kutoka dukani kusema amefika. Laini iwe wazi."

Fundi aliondoa mikono kwenye kibodi. Alikuwa darasa la pili wakati huo, nyumbani hakuna mtu mpaka jioni, na muuza duka alimpandisha kwenye kreti ili aifikie simu. Hakukuta laini ina shughuli hata siku moja. Miaka yote hiyo aliona ni bahati.

Maandishi yaliendelea kila mfumo ulipobadilishwa, kila moja na tarehe yake. "Toleo jipya. Nimeuhamisha." Kisha: "Toleo jipya. Yuko shule ya bweni, hapigi tena. Nimeuhamisha hivyo hivyo." La mwisho lilikuwa la mwezi aliostaafu: "Laini ya simu imekatwa. Mstari hauna kazi. Uachwe."

Mfumo mpya haukuijua amri ile. Ikibaki, seva haiwaki. Fundi aliufuta mstari, na moyo ulimuuma kweli. Maneno yaliyokuwa juu yake aliyabakiza yote, na tarehe zake. Seva ikawaka, vipimo vya matangi vikaanza kuingia. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika tano. Akachukua simu yake.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Nimepiga tu."

Mzee akavuta kiti. Fundi alikisikia kikikwaruza sakafu. "Haya, mwanangu. Niambie."

Walizungumza mpaka meneja akaja tena kuchungulia, akaona sura ya Fundi, akarudi zake. Alipokata simu, Fundi alifungua tena lile faili, akaenda chini ya maneno ya baba yake, akaandika alama ya reli na tarehe ya leo.

"Toleo jipya. Amepiga."