Vita vya Flashi Mbili

"Wewe ndiye unayewauzia risasi, halafu unakaa hapo kama hujui vita imetoka wapi."

"Mimi nauza nyimbo."

"Nyimbo. Jana baba kapiga ule wa mke asiye na shukrani mara nne mfululizo. Nani kamwekea?"

"Mteja akiomba, namwekea. Muuza kamba haulizi unaenda kufunga nini."

"Na mama akamjibu kwa ule wa mwanamume aliyeoa kochi. Huo nao nani kamwekea?"

"Huyo naye mteja."

Dada yangu alinitazama kama anavyowatazama watu wanaofika kliniki ya meno wakiwa wamevimba shavu na kusema hawaumwi, wamepita tu. Huko ndiko anakofanya kazi, mapokezi. Alikuwa bado na sare, amekuja moja kwa moja kunitoa roho kibandani kwangu, mbele ya wateja wawili waliojifanya wanasoma bei ukutani.

Kazi yangu haina jina la kujivunia. Unaniletea flashi au simu, unaniambia unataka kusikia nini, nakujazia. Nina kompyuta moja yenye feni inayokohoa, na nyimbo nimezipanga kwa miaka: sabini, themanini, tisini, elfu mbili, na folda ya mwisho nimeiita Kelele za Sasa. Shule niliiacha mapema, tulichokana siku moja bila kugombana. Lakini nitajie wimbo wowote uliowahi kumliza mtu au kumvunja kiuno, nitakwambia uko folda gani. Baba ananiita Profesa. Siyo sifa.

Sasa hiyo vita. Mama alikuwa na redio ya kaseti aliyokuja nayo alipoolewa. Baba ni fundi wa kuchomelea mageti, na anaamini kitu ambacho hakichomeleki ni takataka. Mwezi uliopita akaichukua ile redio akampa baba mdogo, bila kumuuliza mtu, akasema ilishakufa. Ilikuwa imekufa kweli. Ila hata marehemu ana wenyewe. Mama hakufoka. Alifanya kitu kibaya zaidi, alinyamaza. Na baba, kwa ile busara yake kubwa tunayoisikia kila siku, akaona dawa ya kununiwa ni kununa zaidi.

Basi wakabaki watu wazima wawili, nyumba moja, kitanda kimoja, na neno hakuna. Chumvi ilikuwa inapita kwangu kama kesi ya mahakamani. Mama anasema, mwambie baba yako maji ya kuoga yapo tayari. Baba amekaa hapo hapo, masikio mawili kichwani, ananigeukia na kungoja nimtafsirie.

Halafu siku moja akaja kibandani. Alitaka wimbo wa bendi, wa miaka ya sabini, ule mrefu ambao gitaa linazunguka mpaka unasahau ulikuwa unafanya nini, na mwimbaji analalamika kwamba amemjengea mke nyumba na bado mke kanuna. Nikamwekea. Jioni akauchomeka kwenye spika ya sebuleni, akafungua sauti utadhani anaoza binti. Mama alikuwa jikoni. Nikasikia sufuria linawekwa chini taratibu sana, na ningekuwa baba ningeogopa hapo.

Kesho yake mama naye huyo, na flashi yake nyekundu. Mwanangu, nitafutie wa miaka ya themanini, yule mwanamke mwenye sauti kali anayemuuliza mume kama alioa mke au alinunua jembe. Nikamtafutia. Jioni kile kiredio kidogo cha flashi anachowekea jikoni kikamjibu mtu wa sebuleni, na nyumba nzima ikajua jembe ni nani.

Kuanzia hapo ndugu yangu, biashara ilinoga. Hakuna mteja mzuri kama mwenye hasira, haulizi bei. Baba akamaliza sabini, akahamia tisini. Mama akampita huko, akaingia elfu mbili. Mpaka siku moja mama akaja akaomba kitu kutoka Kelele za Sasa: yule kijana wa nywele za kijani anayeimba kwamba amekufuta kwenye simu, amekufuta moyoni, na mbwa wake naye amekusahau. Mama yangu huyu huyu. Hajui kufuta hata picha, simu yake imejaa picha za kidole gumba. Nikamwekea. Kesho yake asubuhi baba kanifuata kibandani, kimya, akaangalia kulia na kushoto kama mtu anayetafuta dawa ya aibu. Akataka kujua, kufutwa kwenye simu ni kubaya kiasi gani? Nikamwambia ni kubaya sana. Akachukua nyimbo tatu.

Kilichonichekesha ni kwamba walipigana kwa adabu. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Wimbo wa sebuleni ukianza, cha jikoni kinazimwa mpaka uishe, hata kama una gitaa la robo saa. Ukiisha, kimya kidogo, halafu cha jikoni kinaanza. Nilidhani ni kwa sababu nyumba ina soketi mbovu.

Ndiyo vita dada aliyokuja kunikamatia. Na alikuwa na sababu, siyo kwamba kaamka tu na kisirani. Jumamosi wazee wa mchumba wake walikuwa wanakuja nyumbani kuzungumzia ndoa. Mchumba ni mhasibu, mtu anayepiga pasi hata soksi, na wajomba zake wanafanana naye. Wakifika watauliza, na wenye binti watakaa pamoja na kujibu kwa kauli moja. Dada akaniuliza, mjomba mtu akisema tumekubaliana au hatujakubaliana, nani atamjibu? Kijana wa nywele za kijani?

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Wakiona mama na baba hawasemeshani watasema binti wa nyumba hiyo ndivyo alivyofundishwa," akasema. "Wataondoka na heshima zao na hawatarudi. Nampenda yule mtu. Nyinyi mnanipigia disko."

Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Dada yangu halii hovyo, huyu ni mtu anayeona watu wanang'olewa magego kila siku. Nikamwambia aniachie, hilo dogo. Mimi ndiye ghala la silaha. Ghala likifungwa, vita inakufa. Hawatakuwa na wimbo, watafungua midomo waongee kama watu. Dada akaniangalia, akasema kwa mara ya kwanza nimeongea kama mtu aliyemaliza shule. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Alhamisi mchana nikapita nyumbani nikachukua flashi zote mbili, kila mwenyewe nikimwambia nina nyimbo mpya kali, namwongezea. Nikazifuta. Zote, kavu, kama zimetoka kiwandani. Nikazirudisha kabla ya jioni, nikakaa kibandani nikijiona mjumbe wa amani.

Asubuhi ya Ijumaa baba akaja. Profesa, kitu chako kimekufa. Nikaipokea flashi, nikaigeuza geuza, nikaipuliza, nikasema kompyuta inaumwa mpaka Jumapili. Akaguna akaondoka. Hajafika mbali, mama huyo. Mwanangu, hii kitu haisemi. Nikamwambia yale yale. Hakuna aliyejua kwamba ya mwenzake nayo ni bubu, na mimi nilifurahi hawajui, maana wangejua wangenifuata wote wawili kwa pamoja. Akili kubwa hiyo.

Alasiri nikafunga kibanda mapema nikaenda nyumbani kuangalia amani ilivyokaa.

Nilikuta kimya. Siyo kile cha mwezi mzima, kile kilikuwa na gitaa. Hiki kilikuwa kimya cha nyumba ya kupangisha. Hata chumvi hakuna aliyeniagiza. Baba alikuwa sebuleni amekaa karibu na spika yake, mikono juu ya magoti, ile mikono yenye alama za cheche. Akaniita kwa kidole.

"Mama yako leo hajaweka kitu," akaniambia kwa sauti ya chini.

Nikasema labda amechoka.

"Jana jioni pia hajaweka. Nilingoja." Akaikwangua spika kwa ukucha. "Mtu akichoka kukutukana, amekuchoka wewe."

Nikataka kusema neno la kuchekesha. Huwa ninayo mengi. Siku hiyo yalikuwa yamekwenda sokoni.

Nikaenda chumbani kwao. Dada alikuwa amesimama mlangoni ameshika fremu kama anazuia ukuta usianguke, na nyuma yake mama anakunja nguo. Begi lilikuwa limefunguliwa kitandani, limefika nusu. Anakunja vizuri, kona kwa kona, yeye ni mshonaji, hata akikimbia nyumba hawezi kukimbia na nguo zenye makunyanzi. Akasema anakwenda kwa mama mkubwa. Dada akamuuliza, na kesho? Akajibu kwamba wageni atawapokea baba, si ana spika.

"Mama, ni kwa sababu ya redio?" dada akauliza.

"Redio gani. Redio tulishaimaliza." Akaweka kanga begini akaisawazisha kwa kiganja. "Baba yenu alikuwa ananiambia kitu kila siku. Cha ovyo, lakini ananiambia. Tangu jana hana hata tusi. Mwanamume akinyamaza hivyo amemaliza."

Dada akanigeukia polepole. Wale watu wa meno wanajua jino bovu ni lipi kabla hujafungua mdomo.

Sasa mimi ni mtu wa kusema mambo yalivyo, kila mtu anajua, ni tabia ninayojisifia nikiwa nawaambia wengine makosa yao. Ikawa ngumu kidogo kuitumia kwangu. Nikasimama kwenye korido, katikati ya sebule na chumba, nikasema kwa sauti ya kusikika huku na huku.

"Hakuna aliyenyamaza. Flashi nimezifuta mimi. Zote mbili. Nilitaka muongee."

Feni ya dirishani ikazunguka. Kiti cha sebuleni kikalia, baba akaja mpaka mlangoni pa chumba. Akaliona begi. Akaliangalia kama geti alilolichomelea mwenyewe akakuta limepinda. Mama naye akasimamisha mikono, kitambaa hewani. Nikajiandaa kupigwa. Badala yake baba akanipita kwa macho kama mimi ni mwiko ukutani, akamwambia mama, ana kwa ana, neno la kwanza tangu mwezi uliopita.

"Unasikia alichofanya mwanao?"

"Mwanangu?" mama akasema. "Kichwa hicho hatukukitoa kwetu. Kimetoka kwenu, wako wengi na hicho hicho."

"Kwetu watu wana akili."

"Wanazificha vizuri."

Dada akaziba mdomo kwa mkono. Baba akaeleza kwamba alikaa sebuleni Alhamisi jioni nzima kama mgonjwa anayengoja kuitwa jina. Mama akajibu kwamba yeye aliunguza kitu jikoni kwa kutega sikio, na akamtaka Profesa ajue kwamba sufuria hilo atalisugua yeye. Wakakubaliana kwamba nina kichwa kigumu, kwamba kibanda changu ni hatari kwa jamii, na kwamba aliyenipa kompyuta alikosea. Aliyenipa ni baba. Mama akamkumbusha. Sijawahi kuwaona wakielewana namna ile, na mada ilikuwa mimi.

Halafu maneno yakawaishia. Unaona, mtu akikaa mwezi mzima anaongea kwa midomo ya waimbaji, wa kwake unakuwa na kutu. Wakabaki wamesimama, begi katikati yao, nusu limejaa.

Mama ndiye aliyeuliza. Hakumtazama, aliuliza akiangalia zipu.

"Kama isingefutwa. Jana ungeweka upi?"

Baba akatazama mikono yake. Akatazama mlango. Hakuna flashi, hakuna spika, hakuna mahali pa kujificha mtu mzima wa umri wake. Akakohoa, na kabla hatujajua anachofanya, akaimba.

Baba yangu ana sauti ya mashine ya kukatia chuma. Nyimbo zote nilizowahi kumwekea ni za kulalamika, gitaa na malalamiko. Huu haukuwa mmojawapo. Ulikuwa wa themanini, wa mwanamke anayemngoja mtu stesheni na kumhesabia mabehewa, ambao mama alikuwa anauweka asubuhi akiosha vyombo, wakati hapigani na mtu. Sikuwahi kumwekea baba huo. Kwenye flashi yake haukuwepo. Aliujua wote. Aliuimba na sauti ya kike pale inapopanda, Mungu atusamehe, akaruka ubeti, akarudi, akauchanganya na kiitikio, lakini hakuacha mpaka treni ikafika.

Jirani akafunga dirisha. Simlaumu.

Mama alikuwa amesimama muda wote, kitambaa mkononi. Akakiweka. Akampita baba mlangoni bila kumgusa, akafika kwenye msumari ambapo shati la baba la mikono mirefu huning'inia, akalishusha, akalikagua kola, na kusonya, maana lilikuwa na makunyanzi kama uso wa mtu aliyeamshwa.

"Ubeti wa pili umekosea," akamwambia. "Na kesho mbele ya wageni usiimbe."

Akageuka, shati mkononi, akaelekea kwenye pasi.