Mwalimu Bado Yumo Kwenye Foleni

Saa mbili na robo asubuhi mwalimu mstaafu aliingia zahanatini, akamsabahi mlinzi, akaketi kwenye benchi la mbele na bahasha ya eksirei mapajani. Alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita. Mfagizi alimwomba ainue miguu, akapiga deki chini yake, akaendelea na kazi.

"Kila siku yuko hapa," msimamizi wa zahanati alimwambia fundi wa programu. "Anawazibia nafasi wagonjwa. Mtoe kwenye orodha."

Fundi alifungua kompyuta ya mapokezi. Jina la mwalimu lilikuwa juu kabisa, kwa rangi nyekundu: dharura. Akaenda kwenye kompyuta ya daktari. Huko mwalimu alikuwa wa kumi na tisa, kwa rangi nyeusi kama wengine wote.

Hakuhitaji kuuliza. Programu aliiandika mwenyewe. Ndani yake kila skrini ilikuwa na mtunzaji wake wa orodha, kijiprogramu kidogo, na watunzaji hao wawili walipaswa kupashana habari. Wakati mwingine wa mapokezi alibadilisha kitu, wa daktari asiambiwe. Fundi aliligundua hilo miezi minne nyuma, akajiambia atalishughulikia akipata nafasi. Kisha mwalimu akakata roho pale kwenye benchi, dada wa mapokezi akafukuzwa kwa kutoandika dharura, na fundi akafyata ulimi.

Kumbe dada aliandika. Hata saa aliyoandika ilikuwepo kwenye kumbukumbu za programu. Fundi aliisoma mara mbili.

"Mwanangu," mwalimu alimwita kwa upole, "wamenisahau?"

"Hapana, mwalimu. Subiri kidogo."

"Nasubiri."

Kufikia adhuhuri watunzaji wote wawili walikuwa wanasoma orodha moja. Jina likageuka jekundu kwa daktari. Daktari alitoka mlangoni, akamwita mwalimu, akamtafuta mapigo ya moyo, akayakosa, akaandika hivyo. Akamwomba radhi kwa kucheleweshwa. Mwalimu alisema haidhuru, akachukua bahasha yake, akaondoka. Hakurudi tena.

"Tatizo lilikuwa nini?" msimamizi aliuliza.

"Marekebisho ya kawaida tu," fundi alijibu, akatia saini.

Getini alimkuta dada wa mapokezi, amekuja kwa mara ya tatu kuomba barua ya kumsaidia kutafuta kazi kwingine.

"Nasikia umeikagua programu," alisema dada. "Ilikuwa na kosa?"

Fundi alijishughulisha na zipu ya mkoba wake. Ilikuwa imeshafungwa.

"Hapana, dada."

"Basi nilisahau kweli." Dada alitikisa kichwa polepole. "Maana kila nikifumba macho najiona kabisa nikibonyeza. Afadhali umeniambia. Nilikuwa nawalaumu watu bure."

Akampa mkono, akamshukuru, akaenda zake.