Alama za Mandhari

Mkurugenzi alisimama nyuma ya kiti changu, akainamia kompyuta. "Hiki kilima kilichoongoza si kile cha nyuma ya kwangu? Ndiko mnakotaka kusimika mitambo ya upepo?"

Ndicho. Upepo mkali, barabara ipo, nyaya za umeme ziko karibu, na nyumba ni moja tu, yake. Tulikuwa tumevigawia vigezo vyote jumla ya alama mia, kila kimoja kulingana na umuhimu wake, kompyuta ikapiga hesabu, ikachagua.

"Mandhari mmeyapa alama tano tu," alifoka. "Ongeza!"

"Bosi, mia ni mia. Nikiongeza huku, lazima nipunguze kule."

"Punguza hapo kwenye makazi. Watu huzoea."

Mtaalamu wa ndege wa porini katika timu yetu, aliyezipigania alama za tai wake kwa kufa na kupona, akainamia simu yake. Nikapunguza. Kilima cha bosi bado kikaongoza. Nikapunguza tena, na tena, mpaka kikaibuka kingine. Hicho nakijua jiwe kwa jiwe; nimezaliwa chini yake.

"Pale kuna watu, bosi."

"Umeona lakini?" Akanipiga begani. "Kompyuta haina upendeleo."

Jana mama alinipigia simu. Mitambo imeanza kuzunguka nyuma ya nyumba yake, na kwa ule mvumo hapati usingizi.

"Mwanangu, wanasema kompyuta ndiyo iliyotuchagua. Wewe si unafanya kazi nazo? Hebu niulizie, tumeikosea nini?"