Gari la Nyumbani, Safari ya Duka

Kwa jina la Mola aijuaye siri ya kifua kabla ulimi haujaitamka, naanza. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake, na ahali zake, na kila aliyejitahidi kuusafisha moyo wake.

Wahusika ni hawa. Mzee Abdulla, mwenye duka la vitambaa Kariakoo. Nassibu, mpima vitambaa wake kwa miaka kumi na minne. Yasser, aliyeingia dukani mwaka juzi tu, akaja na gari lake mwenyewe. Na Hajira, mke wa Nassibu, aliyeuza dhahabu zake za arusi ili nao wapate gari dogo jeupe.

Dukani palikuwa na ada. Apelekaye sanduku la bibi arusi hulikabidhi kwa mkono wake, na wenyeji humpokea kwa vigelegele, wakamfukiza udi na kumnyunyizia marashi. Kwa kuwa Yasser alikuwa na gari, kila sanduku lilikuwa lake. Hurudi ananukia. Nassibu, ambaye ndiye aliyechagua kila kitambaa kilichomo, aliiona harufu ile kama nguo yake iliyovaliwa na mwingine.

Alhamisi moja, baada ya adhuhuri, sanduku la Tasneem wa Upanga likawa tayari. Nassibu akaliwahi.

"Leo napeleka mimi, Mzee. Gari sasa ninalo."

"Haya, nenda," akajibu Mzee Abdulla, bila kuinua macho.

"Mpisheni bwana arusi!" akacheka Yasser. Kisha akamfuata hadi kwenye buti la gari, akashusha sauti. "Kaka, bima yako inaruhusu mzigo wa duka? Yangu ya mwanzo iliandikwa matumizi binafsi, ikabidi nibadilishe."

"Bima yangu ni kubwa. Wewe sema tu unaogopa kukosa marashi."

Akaondoka. Penye taa za Msimbazi, akiwa anajitazama kiooni na kuiweka sawa kofia yake, akaigonga bajaji iliyosimama mbele.

"Mzee baba, macho umeyaacha nyumbani?" akapiga kelele Tarsis, dereva wa bajaji. Mola alimhifadhi, hakuumia. Lakini bajaji ilibonyea nyuma, na gari la Hajira lilipasuka rejeta, uso wake wote ukakunjamana.

Trafiki akapima. Baadaye akafika mkaguzi wa bima, dada mmoja mtaratibu aitwaye Klara.

"Ulikuwa katika shughuli gani, kaka?"

Yasser, aliyekuwa amekwisha fika kulichukua sanduku, akamvuta Nassibu kando. "Sema unampelekea shemeji yako zawadi. Nitakushuhudia."

Nassibu akaligeukia gari lililokunjamana. Uongo ule ungemrudishia Hajira gari lake. Lakini kila asubuhi angemkuta Yasser ng'ambo ya meza, ameishika siri yake, mkarimu vilevile. Na ukarimu ule ndio uliomchoma kuliko yote. Alikuwa radhi kukosa gari kuliko kuokolewa na mtu yule.

"Nilikuwa kazini," akamwambia Klara. "Sanduku ni la duka."

"Basi bima yako haitalipa. Gari ulilikatia kwa safari zako za nyumbani, si kwa biashara."

Mtaa mzima ukamsifu kwa kusema kweli. Naye alijua kweli ile ilizaliwa na mama gani.

Jioni Mzee Abdulla akatoa hukumu. "Gari ni lako, Nassibu, lakini safari ilikuwa yangu, nami nilikutuma pasi na kuuliza karatasi. Bajaji ya Tarsis naitengeneza mimi. Gari lenu, tengenezeni wenyewe mtakapojaaliwa."

Nyumbani Hajira alisikiliza hadi mwisho.

"Hapana hata mmoja aliyekuonya?"

"Yasser alinionya."

"Na hukumsikia?"

"Nilidhani ananionea kijicho."

"Kijicho kilikuwa kwa nani, baba Zamzam?"

Kesho yake Nassibu alikwenda kazini kwa miguu, na Yasser akampokea kwa salamu, naye akaiitikia, ingawa kwa uzito.

Mzee Abdulla amekwisha kutangulia mbele ya haki. Hao wawili wangali wakipima vitambaa juu ya meza moja. Ee Mola, wajaalie waliobaki waridhike na ulichowagawia, wapokee nasaha hata itokapo kwa wasiyempenda, na umfidie Hajira kwa kilicho bora zaidi. Amina.