Kivuli cha Sita cha Barno

Jumamosi saa mbili asubuhi Mohlaroy alikaa na mama yake kwenye kitanda cha uani, chini ya mzabibu, akaanza kumhoji. Alikuwa amefika kwao Margilon kutoka chuoni Toshkent, mji mkuu, na madodoso arobaini ya shahada yake ya pili ya sosholojia. Mada ilikuwa wanaume wanaokwenda Urusi kutafuta kazi, kaka yake akiwa mmojawapo, hivyo akaona aanzie nyumbani.

"Mkamwana wako anafanya kazi gani, mama?"

"Barno? Hafanyi kazi. Yupo tu nyumbani."

Mohlaroy akaandika: hana kazi. Wakati huo Barno alikuwa anakamua ng'ombe. Kivuli chake cha kwanza kilikuwa kinafagia ua, cha pili kinabandika mikate tanurini, cha tatu kinamkanda bibi yake Mohlaroy miguu, cha nne kinapalilia vitunguu, cha tano kinamvisha mwanawe viatu. Wakamwana wote wa mtaa walikuwa hivyo. Mama mwenyewe, kabla ya baridi yabisi, alikuwa na vivuli saba, na aliyesema sita alikoma.

Cha sita kilikuwa kwenye beseni, kinafua. Hicho Mohlaroy hakukikumbuka.

"Wifi, hiki cha kwenye beseni ni kipya?"

"Kipya wapi! Kina miaka mitano. Kilitoka siku uliyopanda treni kwenda kusoma. Kufua kulikuwa zamu yako, msomi wangu."

Barno akacheka. Mohlaroy aliona aibu, aibu ya mtu aliyekula sahani ya mwenzake.

Wakati wa chai Barno alimmiminia mama mkwe nusu kikombe, kama adabu ya kwao inavyotaka, ili aongezewe kingali moto, kisha akasema chuo cha uuguzi kinapokea wanafunzi mwezi wa tisa. Ni miaka miwili tu.

"Miaka miwili!" mama alisema. "Na kazi atafanya nani?"

"Mama, si asubuhi umesema hafanyi kazi?"

"Usiniletee mambo ya chuoni kwako. Kazi ina mshahara. Hii ni nyumba."

Mohlaroy alibadili mada ya utafiti wiki hiyohiyo. Msimamizi wake alisema dodoso halina kisanduku cha vivuli, lakini akamruhusu aviweke kwenye kiambatisho. Akapita lango kwa lango mwaka mzima, akahesabu vivuli mia mbili na kumi na moja katika nyumba arobaini. Tasnifu ikasifiwa, na yeye akapewa nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu.

Aliileta tasnifu nyumbani ikiwa imejalidiwa, akasema ataahirisha masomo afue yeye, Barno aende chuo.

"Ufike kote huko, urudi kwenye beseni?" mama aliuliza. "Watu watanionaje?"

"Nenda, wifi," Barno alisema, akikusanya vikombe. "Mmoja wetu ametoka. Asirudi."

Alilia kidogo aliposema hivyo, na Mohlaroy akalia zaidi.

Mama aliiweka tasnifu kwenye kabati la vioo, katikati ya mabirika ya harusi, mahali pa heshima. Hakuisoma, ila wageni wote walionyeshwa. Vumbi la Margilon halichagui kabati. Kesho yake asubuhi kivuli kingine cha Barno kilisimama pale na kitambaa, kinapangusa jalada.

Mama alihesabu kwa kidole.

"Saba," alisema, ameridhika, akaomba chai.