Moyo Ulioungwa Dairekti

Tangu apatwe na shambulio la moyo, fundi wa mafriji ambaye mtaa mzima ulimwita Barafu alikuwa na siri moja iliyomla roho: simu ya mkewe ikiita, kifua hakidundi tena. Mke alikuwa mbali, nchi za watu, akitunza wazee wa wengine. Zamani ilitosha simu ilie tu, moyo umwende mbio kama kijana aliyebalehe juzi. Sasa ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi, na wiki ile ndiyo mke alikuwa anarudi.

Daktari alikwisha kumweleza. Kuna mishipa ya fahamu inayojiendesha yenyewe, mtu haiamrishi. Mingine inauhimiza moyo, mingine inautuliza. Moyo uliokwisha kujeruhiwa ukihimizwa kupita kiasi, unaweza kushikwa tena.

"Hivi vidonge vinazuia ule upande wa kuhimiza. Usiviache hata siku moja."

"Kumbe themostati," Barafu akasema.

Daktari akacheka, akakubali. Daktari wa watu hakujua anakubali nini.

Maana kwa fundi wa friji, themostati, kile kidude kinachoiwasha na kuizima mota, si kitu cha kuogopwa. Ukitaka kujua kama mota bado nzima, unaitoa hiyo themostati, unaunga nyaya dairekti, unasikiliza. Ikinguruma, mota ni nzima. Barafu alikuwa amezipima hivyo friji za mtaa mzima. Basi akaacha vidonge, ausikilize moyo wake kama bado unampenda mama watoto. Alimtamani mkewe mpaka mifupa ikamuuma, lakini kifua kilikuwa kimya, naye kifua ndicho alichokiamini.

Siku ya siku akavaa shati la pasi, akakaa kwenye karakana yake mbele ya nyumba. Pikipiki ikapita, moyo ukaruka. Akatabasamu peke yake. Akaja mteja kulalamika kwamba friji yake inavuja, moyo ukamwenda mbio vilevile. Jikoni mfuniko wa sufuria ukaanguka, mbio tena. Tabasamu likaanza kufifia. Moyo huu ulikuwa unamkimbilia kila mtu! Kisha jasho la baridi likamtoka, kifua kikabanwa, mkono wa kushoto ukafa ganzi.

Dada yake mkubwa, aliyehamia pale kumuuguza, akatoka jikoni, akamtazama mara moja tu.

"Vidonge umekunywa?"

"Dada, nilikuwa najaribu mota."

"Mota ya nani? Unataka mwenzio aje akute matanga?"

Akaita teksi huku analia na kumtukana, vyote kwa pamoja.

Hospitalini waliwahi. Mke alipoingia wodini akiburuta sanduku la safari, Barafu alikuwa amelala na nyaya kifuani, dawa imekwisha kumtuliza. Akamwona. Halafu, haraka, akageuza macho kwenye skrini iliyoonyesha mapigo ya moyo. Namba ilikuwa palepale. Akangoja. Haikupanda hata kidogo, na machozi yakamtiririka mpaka masikioni.

"Nisamehe, mke wangu. Nilitaka unikute nadunda."

Mke akaliacha sanduku katikati ya njia, wauguzi wakalizunguka, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Miaka yote hii nalala na picha yako chini ya mto. Nimefika, hata salamu huna, unaangalia televisheni." Akamshika kidevu. "Geuka huku, fundi. Niangalie mimi."

Akageuka. Mke alikuwa amekonda, mvi zimeanza kumwingia juu ya sikio, mambo ambayo simu haikuwahi kuyasema. Barafu akamshika mkono, akaung'ang'ania. Na hata hivyo, mkono ukiwa humo mkononi mwake, alizidi kumkumbuka kana kwamba bado yuko mbali, hata namba ya kwenye skrini akaisahau.